Nusu ya Faida Bado Ni Faida

Tangu mwishoni mwa 2025 wakimbiaji wa Kampala wanatishana kwa takwimu moja. Utafiti uliojumlisha watu zaidi ya milioni 1.5, kutoka Uingereza, Taiwan, Uchina, Denmark na Marekani, ulikuta kwamba mazoezi ya saa mbili na nusu kwa wiki hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 30. Lakini penye chembechembe za PM2.5, yaani vumbi na moshi laini sana unaopenya hadi ndani ya mapafu, zinazofika mikrogramu 25 kwa mita ya ujazo, faida hiyo huporomoka hadi asilimia 12 au 15. Na wastani wa Kampala kwa kawaida huvuka hapo.

Wanaosema kwamba, basi, tuache kukimbia hawajakosea kila kitu. Anayekimbia huvuta hewa nyingi, tena kwa mdomo, bila kichujio cha pua. Huko London, wazee waliotembea Hyde Park walinufaika mapafu na mishipa. Waliotembea Oxford Street, penye magari, walinufaika kidogo mno.

Ila tuitazame hiyo 12 hadi 15. Wanaisoma kana kwamba ni hasara, kumbe ni watu waliokufa kwa uchache kuliko majirani zao waliokaa tu, wakivuta hewa ileile. Maana anayeacha kukimbia haachi kupumua. Moshi wa mkaa, taka zinazochomwa na vumbi la barabara za udongo humfuata hadi sebuleni, safari hii bila moyo uliozoea kazi wa kumsaidia. Hesabu ya watafiti wa Cambridge ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba kwa anayeendesha baiskeli nusu saa kila siku, kuongeza muda huendelea kumwongezea faida mpaka PM2.5 ifike 95. Hata kwenye 100, mwendesha baiskeli huanza kupata hasara baada ya kuendesha kwa muda wa saa moja na nusu kwa siku; mtembea kwa miguu, baada ya kutembea kwa muda wa saa kumi. Nani anatembea saa kumi?

Kinachofaa kubishaniwa ni saa na njia. Wengi wetu tumelelewa na imani ya "hewa safi ya alfajiri", ilhali vipimo vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, vinaonyesha uchafu ukipanda asubuhi na usiku na kushuka alasiri. Hewa ya baridi hutuama bondeni na moshi wake, na mji huu umejaa vilima na mabonde. Jua kali la saa tisa linachosha, najua, lakini mapafu hayalalamiki sana.

Ushauri huo, hata hivyo, ni wa mwenye saa za kuchagua. Anayetoka mtaa wa mabanda wa Bwaise kwa miguu kwenda kibaruani katikati ya mji hafanyi "mazoezi". Hana nauli ya taksi, yaani daladala ya huku. Yeye hapangi saa wala njia, na kipande cha Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum walichotengewa waenda kwa miguu hukimaliza kabla jasho halijamtoka.