Mjerumani Aliyerudi Kudai Nyumba

Mtu anayetaka kusimamisha shughuli za mtaa mzima kule Uhindini, katikati ya Dar es Salaam, hana haja ya kupiga mbiu. Avae kizibao cha manjano cha mafundi wa barabara, ashike futi kamba, kisha anyooshe kidole kuelekea ghorofa kuukuu. Wakazi wa pale wameshuhudia majumba mengi ya enzi za Mwingereza yakipimwa, kisha yakigeuka kifusi ili maghorofa ya vioo yasimame mahali pake, kwa hiyo kwao futi kamba ni taarifa ya msiba. Kijana msanifu majengo aliyetuongoza katika matembezi ya Jumamosi ya kutazama majengo ya kale alikuwa na kizibao, futi kamba na kidole, na juu ya hayo alikuwa na mgeni wa Kijerumani.

Mwanzoni mambo yalikwenda vyema. Tulianzia kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililokamilika mwaka 1902, na kijana akatuonyesha vipaa vidogo vya vigae vyekundu vilivyowekwa juu ya madirisha kuzuia jua na mvua. Kwenye sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, alitueleza kuwa mahali pale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, hadi Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 na kuiondoa. Mjerumani wetu, mzee mpole aliyestaafu kufundisha muziki, alisikiliza kwa adabu na kujibu, "Sawasawa." Hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilokuwa nalo, na alilitumia kwa ukarimu mkubwa.

Balaa lilianza Uhindini, mbele ya jumba la ghorofa mbili lenye roshani za mbao na duka la vitambaa chini yake. Ili kutuonyesha jinsi wajenzi wa zamani walivyopambana na joto kwa kuta nene, kijana alilaza futi kamba kwenye kizingiti cha duka na kutangaza kwa sauti ya ushindi, "Sentimita 45!" Nami, kwa kuwa nilikuwa na daftari, nikaandika. Mwenye duka alisimamisha mkasi katikati ya kitenge, akatutazama mmoja mmoja, macho yake yakaishia kwa Mjerumani wetu na nywele zake nyeupe.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia mwenye duka.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni wa wapi?"

"Ujerumani."

Laiti ningesema Kanada. Mzee aliinua uso kuelekea roshani na kuita, "Jamani, shukeni! Wenyewe wamerudi!"

Walishuka wapangaji wa ghorofa zote, mmoja akiwa na povu la sabuni masikioni. Kijana alijitahidi sana kuwafafanulia kuwa jumba lile lilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi, Wajerumani wakiwa wameshaondoka zamani, na kwamba ushahidi uko kule juu, kwenye mwaka ulioumbwa kwa saruji. Sote tuliinua macho. Mahali pa mwaka palikuwa na tangazo kubwa la vocha za simu.

"Ndivyo wanavyosema wote," alijibu mzee, na sikuweza kumlaumu. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Tangu wakati huo uvumi kwamba mwenye nyumba anarudi haujawahi kukosa wasikilizaji katika mitaa ile.

Hofu, hata hivyo, haikudumu, kwa sababu mama mmoja wa ghorofa ya pili aligundua kuwa mwenye nyumba akionekana anaweza pia kuambiwa shida. Alimshika Mjerumani mkono, akampandisha ngazi, nasi tukafuata. Kijana alikuwa akilitamani jumba lile kutoka nje kwa muda mrefu, na sasa alikaribia kulia kwa furaha alipoona dari la boriti za mikoko. Mama yeye alikuwa akionyesha linapovuja.

"Mvua ikinyesha nalala na ndoo tatu. Mtatengeneza?"

"Sawasawa," alisema Mjerumani.

"Na bomba la choo?"

"Sawasawa."

Kufikia roshani, alikuwa ameahidi paa, mabomba, nyaya mpya za umeme na mlango wa jikoni, na mimi, ambaye daftari langu lilikuwa la mapambo ya madirisha, nilikuwa nimeamriwa kuorodhesha kila ahadi pamoja na namba ya chumba.

Ndipo akafika mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwapani ana kitabu cha wageni, mfukoni ana muhuri. Hakuuliza kelele zilitoka wapi. Aliuliza barua ya utambulisho. Kwa kuwa hatukuwa nayo, tulisaini mmoja baada ya mwingine. Zamu ya Mjerumani ilipofika, safu ya "Cheo" ilibaki wazi, na mwenyekiti, mtu asiyependa nafasi tupu katika kumbukumbu za ofisi, alimuuliza kwa heshima kama aandike "Mmiliki".

"Sawasawa."

Muhuri ukagongwa. Mama wa ghorofa ya pili alisubiri wino ukauke, kisha akasogea na kuuliza kama kodi ya mwezi huu alipe kwake moja kwa moja.

Mjerumani alitabasamu, akafungua kinywa, na kijana wetu akaruka kumziba kwa kiganja.