T-BELT sio "Tia Belti"

Ngoja niisimulie mwenyewe hii, maana mke wangu ameshaisimulia kwenye harusi mbili na kitchen party moja na kila akiisimulia mie nazidi kuwa mjinga, kwa mwendo huu mwisho wa mwaka nitakuwa hata gari sina, nilikuwa nabadili mkanda wa toroli.

Gari ni pikapu Hilux ya kizamani, injini 3L, dizeli ya silinda nne, cc 2779, haina tabo wala kompyuta wala haraka. Ndo inayotulisha. Msimu wa salfa nawapelekea wakulima wa mikorosho huko Nanyamba na Tandahimba, msimu wa korosho narudi na magunia, katikati hapo nabeba chochote, matofali, wapiga ngoma, mbuzi wa akika. Nyumbani ni Mikindani, chini kidogo ya lile Boma la Wajerumani, mji huuhuu ambao Livingstone aliuanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, kwa miguu. Zamani nilikuwa namwonea huruma kwa hiyo miguu.

Sasa siku moja kwenye dashibodi kukawaka kataa sijawahi kukaona, kameandikwa T-BELT. Kizungu changu mie ni kile cha kuombea maji. Nikasoma vizuri, nikakaa nikafikiri, nikapata jibu: Tia Belti.

Nikatia. Taa haijazima. Nikasema labda na abiria, nikamwambia mpwa wangu tia belti, akatia, taa ipo. Siku nyingine abiria hakuna, kuna mfuko wa salfa kwenye siti, nikaufunga na wenyewe mkanda, yaani mfuko wa salfa umekaa mbele umefungwa kama mheshimiwa anaenda kufungua zahanati. Taa ipo tu. Miezi miwili naendesha na mkanda hata nikitoa gari kivulini kuisogeza juani. Trafiki mmoja akanisimamisha akanisifia mbele za watu, akasema madereva wote wangekuwa kama wewe. Nikavimba kichwa wiki nzima.

Aliyeniondolea ujinga ni dereva wa Fuso, tulikutana kwa mama ntilie pale Mnazi Mmoja, ile njia panda ya Lindi na Mtwara na Masasi. Nikamlalamikia kwamba hizi gari za Mjapani usumbufu, nimetia belti miezi miwili bado inanidai. Yule bwana alicheka chai ikamtokea puani. Akanyanyuka akaenda mpaka kwenye gari akaiangalia ile taa, akarudi akamsimulia mama ntilie, mama ntilie akawasimulia wa kwenye pilipili, ndo wakanigeukia kunielimisha.

Kumbe ni mkanda wa taimingi. Uko mbele ya injini ndani ya kava, wa mpira una meno, unatoka kwenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, unazungusha pampu ya dizeli na kemshafti inayofungua valvu. Kwenye injini hizi taa inawaka gari ikitimiza kilomita 100,000, na haina macho, haiujui mkanda wako mzima au umechoka, inahesabu kilomita tu. Ila ukipuuza siku ukakatika njiani kemshafti inasimama huku pistoni bado zinapanda, na dizeli inabana hewa kama mara 22 hivyo juu pale nafasi hakuna, pistoni zinazipiga valvu, valvu zinapinda, na wewe unaanza kuuliza bei ya silinda hedi Kariakoo. Wali wangu niliuacha nusu. Nilirudi Mikindani spidi arobaini nimeshika usukani kama nimebeba mayai, na mkanda wa siti nimeutia, kwa mazoea.

Fundi mmoja mjini akaniambia ufundi peke yake laki na nusu. Nikamwambia nitarudi. Si unajua ile "nitarudi". Nikaingia YouTube, nikaona Mhindi mmoja anaubadilisha kwa dakika kumi na nane na muziki nyuma, nikasema huyu ana mikono miwili na mimi ninayo miwili. Kosa langu la kwanza hilo, maana video ilikuwa imekatwakatwa, ile sehemu ya kulia wameitoa.

Mkanda nikaagiza Dar, ukaja na basi, nikaupokea stendi ya Mkanaledi, boksi lake safi kabisa, mkanda mweusi tii umeandikwa maandishi meupe. Mke wangu akaunusa akasema unanuka viatu vipya.

Jumamosi tukaanza, mimi na mpwa wangu ambaye yuko kidato cha pili na alikuwa likizo. Huku Kusini mjomba ni mjomba bwana, mpwa hana kauli, ukimwambia ingia chini ya gari anaingia na shikamoo juu. Tukamwaga maji ya rejeta kwenye beseni, tukatoa feni, belti ya alteneta, bolti nikizipanga kwenye sahani ya wali kwa mpangilio kama nilivyoona kwenye video. Kuku akala washa moja. Sisemi kwa utani, alimeza nikimwona, na mpaka leo yule kuku yupo anatembea vizuri tu.

Tukafika kwenye bolti ya puli ya krenki. Hii bolti sijui Wajapani waliikaza na nini. Nikaingiza boksi spana, nikavalisha bomba la chuma la mita nzima, nikaning'inia, mpwa akaning'inia, injini inazunguka na sisi. Kuna ujanja wa mafundi: unalaza mti wa spana uegemee chesesi, unapiga stata kidogo, nguvu ya stata inailegeza bolti. Ni ujanja wa hatari na simshauri mtu, ila mie siku hiyo nilikuwa fundi. Nikachomoa waya wa pampu ya dizeli ili injini isiwake kweli, nikamwita mke wangu akae kwenye usukani.

"Mama Watoto, geuza funguo kidogo tu, kama unachungulia chungu."

Mama Watoto akageuza kama anafungua geti la jela. Ikalia PAAA! bomba likachomoka likapita uani likagonga ndoo ya maji, kuku wakapanda juu ya banda, jirani mmoja akatoka nje na taulo anauliza ni bomba la gesi la Madimba au nini. Bolti imelegea lakini! Mie nilikuwa nimejificha nyuma ya mwembe toka mwanzo, siwezi kudanganya, na mpwa alikuwa nyuma yangu.

Puli ikatoka, kava ikatoka, nikauona mkanda wenyewe. Wala haujachakaa sana, maandishi tu yamefutika na mgongoni una vinyufa kama kisigino cha mkulima. Sasa hapa ndo nikafanya akili nyingi. Puli zina alama zake za kiwandani, ile ya kemshafti, ya pampu na ya krenki, unazilinganisha zote ndo unatoa mkanda. Mie nikasema sitaki kubahatisha jino hata moja, maana ukikosea jino moja pampu inawahi au inachelewa, gari inatoa moshi kama tanuru la chokaa. Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikaweka alama kwenye mkanda wa zamani pale meno yanapokutana na kila puli. Nikautoa. Nikaulaza kwenye mkeka pembeni ya ule mpya, nikahesabu meno, sawasawa, nikahamishia zile alama kwenye mpya, palepale, jino kwa jino. Nikavimbisha kifua. Ikabaki mikanda miwili mkekani, yote ina rangi nyekundu sehemu tatu, inafanana kama mapacha wa sare.

Hapo magharibi ikaingia, na Luku nayo ikaisha. Nikaenda kuswali, nikarudi nikala ming'oko na chai, nikalala nikijisikia injinia.

Sasa huku nyuma mpwa wangu, mtoto mwenye adabu, akasema mjomba asije akakuta uchafu. Akawasha tochi ya simu akafanya usafi. Ule mkanda mpya nilikuwa nimeushika na mikono ya grisi halafu nikauburuza mkekani kwenye mchanga wa pwani, ukawa kijivu, unatia huruma. Ule wa zamani ulikuwa ndani ya kava miaka yote, mkavu, akaufuta na kipande cha kanga ukawaka. Akaangalia huu mchafu, akaangalia huu msafi, na boksi la mkanda mpya liko tupu pale. We ungeweka upi kwenye boksi?

Asubuhi na mapema yule babu jirani yetu akapita anatengeneza banda la kuku, akaniuliza kwenye ua, "Mwanangu, huo mkanda uliokwisha unaufanyia nini?" Nikamwambia shikamoo babu, chukua tu, mie nina mpya kwenye boksi. Akachukua akaondoka na panga lake.

Kufunga kulienda vizuri kupita kiasi, na mimi kitu kikienda vizuri kupita kiasi siulizi maswali. Alama nyekundu zikakaa kwenye puli kama zimezaliwa hapo. Nikalegeza bolti ya puli ya kukazia, springi ikavuta mkanda yenyewe, nikakaza. Nikazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, maana krenki ikizunguka mara mbili kemshafti inazunguka mara moja, nikakagua alama za kwenye puli, zimerudi zote kwenye mstari, hakuna mahali pamegoma. Nikarudisha kila kitu, tukabaki na skrubu mbili ambazo mpaka leo hatujazijua kwao, na washa ya kuku nikanunua nyingine. Hata kataa nikakazima, kwenye hii yangu kuna kiskrubu nyuma ya mita unakihamisha tundu.

Nikapiga stata. Ikawaka mara ya kwanza! Gari inanguruma kama imelipwa mshahara. Nikampigia mpaka yule wa Fuso nikamsikilizisha injini kwa simu.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa sishikiki. Nimebeba salfa mpaka Newala, nimeshuka na ule mteremko mkali wa kwenda Masasi, nimerudi, kila ninaposimama nafungua boneti hata kama hakuna aliyeuliza. Nikasema mkanda mpya bwana unausikia kabisa, gari imekuwa nyepesi, hata dizeli inakula kidogo. Kuna watu wawili nilishawakubalia kuja kuwafungia ya kwao. Nilikuwa nawatoza elfu themanini.

Siku moja jioni nikaenda kwa babu kumsalimia tu. Nikakuta banda limekwisha, mlango unafunguka taratibu haulii hata kidogo. Nikamsifia.

"Ni ule mkanda wako mwanangu, nimekata bawaba tatu. Mpira wa zamani ule sio kama wa siku hizi. Nimepiga misumari inakataa kuingia. Hebu angalia, hata maandishi hayajafutika."

Nikainama. Maandishi meupe, yanang'aa. Pembeni yake doa la rangi ya kucha.

Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Babu akadhani ni sukari, akamwita bibi alete maji. Kichwani napiga hesabu: Newala, mteremko, Masasi, magunia, kurudi, ule mkanda wenye visigino vya mkulima ndo ulikuwa unazungusha, na taa ya kunikumbusha nimeizima mwenyewe kwa mkono wangu. Gari niliacha imesimama pale nje kwa babu, nikarudi nyumbani kwa miguu. Livingstone nikamwelewa.

Mpwa nilipomuuliza alijibu kwa heshima zote, "Mjomba, nilifuata usafi." Na kweli, utamchapa mtoto kwa usafi? Mke wangu hakusema kitu, aliingia ndani akafunga mlango, nikasikia godoro linatetemeka anacheka.

Nikaagiza mkanda wa pili. Kazi yote upya, bomba, stata, mwembe, safari hii kuku tulifungia kwa babu kwenye banda lenye bawaba zangu. Mkanda mpya haukugusa mkeka, Mama Watoto aliushika mkononi muda wote kama pochi, na ule wa zamani nikaupiga chokaa nzima nzima kabla hata sijafungua boksi la ule mpya.

Tukamaliza salama. Nikasema basi, babu alisema ana mlango wa zizi la mbuzi bado, nikachukua ule wa zamani, wa kweli sasa, nikampelekea. Akaupokea, akaukunja, akausogeza machoni, akanirudishia.

"Huu umekwisha huu mwanangu. Nitafutie kama ule wa kwanza."