Maharagwe ya Kesho Hulowekwa Leo

Mtu anayeloweka maharagwe saa tatu usiku ana imani, hata kama hajasali jioni hiyo. Ameshaamua kwamba kutakucha, kwamba moto utapatikana na walaji watakuwepo. Hapa Nairobi imani tumezoea kuitafuta kwenye kesha na spika kubwa, na uzuri tunaupandia matatu hadi Naivasha. Sina ugomvi na kesha wala na Naivasha. Lakini jikoni kuna ibada tunayoipita mbio, nayo yafaa ifanywe sawasawa.

Anza kwa kuchagua. Gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka sokoni Nyamakima, ni kama kilo 2. Kwa watu wanne au watano, vikombe viwili vinatosha. Yamwage kwenye sinia, si moja kwa moja kwenye sufuria, uyasogeze machache machache kwa kidole. Kijiwe huiga rangi ya maharagwe, na jicho lenye haraka hukikosa hadi jino likione. Polepole hiyo ndiyo itakayokuonyesha maharagwe ya rosekoko yalivyo: michirizi myekundu juu ya ganda la rangi ya maziwa, na hutapata punje mbili zenye mchoro mmoja.

Osha mara mbili, kisha mimina maji mara tatu ya kipimo cha maharagwe. Chombo kikiwa kidogo, asubuhi utayakuta ya juu yamechungulia nje ya maji, kwa kuwa huvimba karibu mara mbili. Baada ya muda yatazame chini ya taa. Ganda limejikunja kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua. Usidhani yameharibika: maji yanaingilia kwenye kile kijicho cheupe, na ganda hutanuka kabla ya nyama ya ndani. Kufika alfajiri ndani kumejaa, ganda limenyooka, na hakuna mkono uliofanya kazi hiyo. Wengi wetu tunasema "Mungu akipenda" au "inshallah" mara kumi kwa siku. Bakuli hili ni neno hilohilo limewekwa mezani.

Maji ya kulowekea yamwage, maana yamebeba sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Siku za mgao wa maji, yape maua. Weka maji mapya, na kama ni maharagwe mekundu, yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, kwani yana sumu ya asili isiyovunjwa na moto wa pole. Kisha yaache kwa saa moja na zaidi. Nyanya zisubiri. Ukizitia mapema, uchachu wake hukaza ganda na utamaliza gesi bure. Magadi husaidia, lakini kidogo tu, kama kibano cha vidole viwili. Yakizidi, chakula huwa na ladha ya sabuni na vitamini hupotea. Na kama maharagwe yamekaa ghalani miaka, yatagoma tu. Hilo si kosa la mpishi.

Kando ya barabara za mitaani akina mama huuza maharagwe yaliyochemshwa tayari, kikombe kwa kikombe, kwa wanaotoka kazini usiku. Wanastahili heshima kuliko tunavyowapa: waliloweka jana kwa ajili ya watu wasiowajua.

Katika Mwanzo 25, Esau anauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Mahubiri humwandama Esau na njaa yake. Ningependa siku moja tuhubiriwe sufuria yenyewe, na harufu iliyomfikia mtu akitoka nyikani amechoka.

Kujua kama yameiva, toa punje mbili kwa kijiko uzipulizie. Ganda likipasuka na kukunjuka, yako tayari. Kaanga kitunguu hadi kiwe cha dhahabu, sasa nyanya, halafu maharagwe na supu yake, dhania mwishoni. Yakitokota chini ya kifuniko, vuta sinia uchague ya keshokutwa.