Meno ya Bibi na Bei ya Taka

Meno ya Bibi yalitoweka baina ya mchanga wa Sharqiya, jangwa la huku Omani, na kituo cha mafuta kilichopo nje ya mji wa Al Wasil, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karani wa taka siku ile, ninaweza kueleza, tena kwa ushahidi wa daftari, jinsi meno ya bandia ya mwanamke mwenye heshima zake yalivyoingia katika biashara ya baisa, yaani senti za Omani, hamsini hamsini.

Ukoo wetu ni wa wale Wazanzibari wa Maskati ambao wazee wao walirejea Omani baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita waliokuwa ng'ambo, na kila msimu wa baridi unapoingia, jua likapunguza ukali wake, jamaa wote hujipakia katika magari na kwenda kulala jangwani. Mchanga wa Sharqiya, ambao wengi bado wanauita kwa jina la zamani la Wahiba, una eneo la kilomita za mraba kama 12,500, na urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini unakaribia kilomita 180. Mtu angedhani kwamba mahali penye ukubwa huo pangetosha kumeza vikopo vya ukoo mmoja, au hata vya koo mia, lakini hapatoshi, kwa sababu hakuna anayekwenda kupiga hema katikati ya kilomita hizo zote. Sote tunajazana kwenye vilima vilevile vya mwanzo, nyuma ya Al Wasil na Bidiya, pale ambapo gari lililopunguzwa upepo wa matairi hufika bila kuzama na ambapo simu bado inashika mtandao.

Zaidi ya hayo, jangwa halina tabia ya kuozesha kitu. Ganda la chungwa linakauka tu na kubaki ganda la chungwa, mfuko wa plastiki unapasuliwa na jua ukawa vipande elfu badala ya kimoja, na kile ambacho mchanga umekifunika usiku huu, upepo wa wiki ijayo utakifunua kwa wageni wengine. Tulipofika tulikuta kumbukumbu kamili ya waliotutangulia: karatasi za foili za kuchomea nyama, maboksi ya laban, vikombe vya chai ya karaki, na mifuko ya dukani ya aina iliyopigwa marufuku Omani tangu tarehe 1 Januari 2021, ambayo kuwapo kwake pale kulithibitisha ama umri wa taka zile ama ukaidi wa watu. Tulikuta pia mkaa uliofukiwa mchangani ukiwa bado na moto, lakini huo hatukuuona kwa macho. Uligunduliwa na Mjomba kwa unyayo wa kushoto, na matamshi yaliyofuata sikuyaandika daftarini.

Hapo ndipo Ami alipoinuka. Ami yangu ni mtu mpole katika mambo yote isipokuwa taka, na upole huo ulimtoka siku aliposoma habari za utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na Marcus Eriksen, Ulrich Wernery na wenzao, kuhusu ngamia 30,000 waliochunguzwa baada ya kufa katika maeneo ya Dubai, ambapo 300 kati yao walikutwa na mabonge ya plastiki tumboni. Bonge dogo lilikuwa na kilo 3 na kubwa lilikuwa na kilo 64. Hesabu hizo ni za kweli na ni za kusikitisha, maana mnyama hujiona ameshiba huku anakufa njaa, lakini naomba msomaji afikirie kuzisikia kabla ya kila mlo, wakati mishikaki inapoa, kutoka kwa mzee anayeonyesha kwa mikono miwili ukubwa wa bonge la kilo 64.

Ami akaamuru kwamba kabla ya kuondoka tutasafisha uchafu wetu na wa wengine, na kwamba tutatembea kwa mstari mmoja, bega kwa bega, macho chini. Shangazi akauliza iwapo tumekuja kutembea au tumekuja kumfagilia Mwenyezi Mungu uwanja wake. Ukazuka pia mjadala mrefu kuhusu kokwa za tende, kwa kuwa Bibi alishikilia kwamba kokwa si taka bali ni chakula, akieleza kwamba Omani nzima watu wamewalisha mifugo kokwa tangu enzi na dahari, na Ami akajibu kwa unyenyekevu wa mwana kwa mamake kwamba ni kweli, lakini ngamia anayefundishwa kutafuta kokwa kwenye makambi ya watu atakula na mfuko uliozibeba. Mjadala haukuisha. Kokwa ziliokotwa wakati Bibi amegeuka upande wa pili.

Lililotuponza ni malipo. Ami alipoona watoto wanaburuta miguu, alitangaza kwamba kila kipande cha taka kitalipwa baisa 50, nami nikapewa daftari, kalamu na kiti cha kukunja ili niandike jina la muokotaji na aina ya kipande. Kwa muda mfupi jangwa lilisafika kwa kasi ya kutisha. Kisha nikaanza kuona mambo. Boksi moja la juisi lilifika mezani kwangu likiwa limezaa vipande sita. Mjukuu mmoja alileta kopo lililobonyea ubavuni, na baadaye mwingine akaleta kopo lililobonyea ubavu uleule, na nilipogeuka nilikuta mfuko wa akiba una tundu chini na nyuma yake amelala mtoto wa tatu. Nilimpelekea Ami taarifa kama karani anavyopaswa. Ami alipiga hesabu, akaona kwamba kwa mwendo ule angelazimika kuuza gari kabla ya adhuhuri, akashusha bei ghafla kutoka baisa 50 hadi baisa 10.

Soko lilianguka papo hapo. Watoto wengi waliacha kazi wakaenda kuteleza kwenye vilima. Mmoja tu, mjukuu wa Shangazi, mtoto wa miaka saba mwenye utulivu wa mfanyabiashara wa Darajani, aliendelea kuokota kimyakimya bila kuleta chochote mezani. Nilidhani ni mtoto mwenye moyo safi, nikamwandikia alama ya sifa pembeni.

Wakati huohuo Bibi, aliyekuwa amesumbuliwa na mchanga ulioingia chini ya meno yake ya juu, aliyatoa, akayafunga katika tishu, akayaweka pembeni ya mkeka na kujilaza apate usingizi kidogo. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna mwanamke wa rika lake anayewatangazia wakwe kwamba amevua meno.

Tuliondoka tukiwa na mifuko mikubwa myeusi imerundikwa nyuma ya pikapu ya Mjomba, na Ami akitazama nyuma kwa fahari, kwa sababu mahali tulipolala palikuwa pasafi kuliko siku palipoumbwa. Tukafika kwenye kituo cha mafuta kujaza matairi upepo. Mifuko haikutupwa mara moja, kwa kuwa Ami alitaka pipa lenye kifuniko ambalo mbuzi hawawezi kuliingia, na katika upande ule wa nchi mbuzi anayeshindwa na pipa ni nadra. Tukanunua chai na sambusa. Bibi aliing'ata sambusa yake, akairudisha kwenye sahani, akaitazama, kisha akasema neno ambalo sote tulilisikia kama "mepo". Mjomba akamjibu kwa adabu kwamba upepo unajazwa, mama, bado matairi mawili. Bibi akalirudia neno lile kwa sauti kubwa zaidi huku akijigusa midomo, na hapo Shangazi akapiga ukelele.

Kila mtu alitazama mifuko myeusi.

Tuliipeleka kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya kituo, tukatandika mikeka na kuanza kuifungua. Nataka ieleweke kwamba nia yetu ilikuwa njema na mpango ulikuwa mzuri: kila mfuko umwagwe juu ya mkeka wake, kila tishu ifunguliwe, na kilichokaguliwa kirudishwe. Mpango huo haukuushirikisha upepo, ambao ulifika tulipomwaga mfuko wa tatu, ukazichukua tishu, vikombe na karatasi za foili kwa pamoja, ukazipeleka kwenye miti ya mighafu kando ya barabara kuu, ambako zilining'inia na kumeremeta mbele ya kila gari lililotoka Maskati kwenda Sur.

Katika hali hiyo ndipo gari la baladia, yaani la manispaa, liliposimama. Afisa aliyeshuka alikuwa kijana mwenye kanzu nyeupe na kilemba kilichofungwa vizuri, na kwa kuwa alikuwa Mwomani aliyelelewa, hakuweza kututuhumu kabla ya salamu. Akamsalimia Ami. Ami akaitikia. Wakaulizana hali, wakaulizana habari, kila mmoja akasema hana habari isipokuwa ya kheri, wakaulizana afya za watoto, za wazee na za jamaa kwa jumla, na muda wote huo Ami alikuwa amemshika mkono kijana huku jicho lake moja likikifuata kikombe cha karaki kilichokuwa kinabingirika kuelekea barabarani, kwa kuwa kumkatiza mtu katikati ya salamu ili ukimbilie kikombe ni utovu wa adabu usio na dawa. Salamu zilipokwisha, kijana akaeleza kwa masikitiko kwamba mpita njia amepiga simu kusema kuna watu wanamwaga taka hadharani.

Sijawahi kumwona Ami akikosa maneno ila siku hiyo. Alifungua mdomo, akaionyesha mikeka, akalionyesha jangwa kwa mbali, akataja hesabu ya 300 kati ya 30,000, na kila alichokisema kilizidi kutushitaki. Mwishowe Bibi akasimama kwa fimbo yake, akamsogelea afisa, akafunua kinywa chote kama ushahidi. Kijana wa watu akainamisha macho, akakunja mikono ya kanzu, akapiga magoti na kuanza kufungua tishu pamoja nasi.

Ngamia alifika bila ya kuitwa. Alitoka nyuma ya ukuta, akapita katikati yetu kwa mwendo wa mwenye nyumba, akainama na kuinua mfuko mmoja mweusi ambao ulikuwa bado haujakaguliwa. Ami alipiga kelele ambayo nadhani ilisikika hadi mji wa Ibra: "Mnyang'anyeni! Jamani, tusiwe sisi wa mia tatu na moja!" Shangazi, yuleyule aliyekuwa hataki kumfagilia Mungu uwanja, aliushika mfuko kwa mikono miwili, ngamia akaushika kwa meno yake, ambayo yalikuwa yote na yamekaa imara, na wawili hao wakavutana huku wakitazamana usoni. Bibi alisema jambo kutoka pembeni. Tulimwelewa nusu tu, lakini nusu hiyo ilihusu kumpasua ngamia.

Kwa kuwa makaratasi yalikuwa yameanza kuvuka barabara na afisa alikuwa anayatazama, Ami akanyoosha mikono juu na kutangaza mbele ya hadhara kwamba bei imerudi kuwa baisa 50.

Watoto walitawanyika wakikimbia, isipokuwa mmoja. Mjukuu wa Shangazi alikwenda taratibu garini, akarudi na begi lake la shule, akaja mbele ya kiti changu cha kukunja na kunisalimia. Kisha akafungua zipu. Alikuwa ameihifadhi bidhaa yake yote tangu bei iliposhuka, akiwa na imani kwamba soko halibaki chini milele, na sasa akaanza kuipanga mbele yangu kwa utaratibu ili niandike. Nikaandika: kifuniko cha chupa, kifuniko cha chupa, kijiko cha plastiki, betri ya tochi, kifuniko cha chupa, tishu. Tishu ile ilikuwa nzito kupita desturi ya tishu.

Nilipoifungua, watu wote walikusanyika, na hata afisa wa baladia alimshukuru Mungu kwa sauti. Mtoto peke yake ndiye ambaye hakufurahi upesi. Aliyatazama meno, akamtazama Ami, akauliza: "Babu, hiki kinahesabiwa kipande kimoja, au yanahesabiwa moja moja?"

Bibi aliyachukua, akayaosha kwa chupa nzima ya maji, akayavaa, akaimalizia sambusa iliyokuwa imepoa, na ndipo akasema maneno yake ya kwanza ya kueleweka tangu adhuhuri, akimwambia mwanawe wa kuzaa: "Mlipe mtoto. Ni kumi na nne, mara hamsini." Ami akahesabu baisa 700, nami nikaziandika kwenye safu ya matumizi, huku nyuma yangu Shangazi akifika akihema, kilemba kimemlegea, na kila mkono umeshika nusu ya mfuko mweusi wenye mate.

"Mwanangu," akaniambia, akiviweka juu ya daftari, "andika vipande viwili."