Nyasi Kavu za Farasi Zinastahili Kupimwa

Saisi, yaani mtunza farasi, anayepima shayiri kwa kopo, isipungue wala isizidi, mara nyingi ndiye huyo huyo anayerusha nyasi kavu bandani kwa kukisia. Nguvu ya farasi imehesabiwa kwenye nafaka. Nyasi zimebaki kitu cha kumshughulisha tu.

Watetezi wa nafaka wana hoja. Farasi wa mbio hutumia nguvu ambayo nyasi peke yake hazimtoshelezi, hasa zilizochelewa kukatwa hadi mashina yakashupaa. Nyasi hushika maji utumboni, na hizo ni kilo za kubebwa uwanjani. Robota lenye ukungu huleta kikohozi. Ukame ukibana, kama wafugaji wa Kenya wanavyojua, bei ya robota hupanda kuliko mfuko unavyostahimili.

Yote kweli. Lakini tumbo la farasi halikuumbwa kungoja kopo. Hutoa tindikali saa zote, awe anakula au hali. Mate ya kuipoza hutoka anapotafuna tu. Kilo moja ya nyasi kavu humchukua kama dakika 40 kuimaliza. Kilo ya oti, kama dakika 10. Anayeondoa kilo 3 za nyasi na kuweka kilo 3 za oti amemnyima mnyama wake saa moja na nusu ya mate, kila siku. Tena wanga unaoushinda utumbo mwembamba huteremka hadi utumbo mpana, ambako vijidudu huuchachusha upesi, na matokeo yake yanaweza kuwa msokoto wa tumbo au kwato zenye uvimbe asizoweza kukanyagia.

Utafiti uliofanywa Denmark na kuchapishwa 2009 ulikuta vidonda vya tumbo zaidi kwa farasi waliokaa zaidi ya saa 6 bila malisho ya nyasi. Waliokula zaidi ya gramu 2 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hatari yao ilikaribia maradufu. Kwa farasi wa kilo 500, kiwango hicho hufikiwa na kilo mbili na nusu hivi za oti. Lakini ni zile saa 6 zinazonisumbua. Saisi akifunga banda saa 12 jioni na kurudi saa 11 alfajiri, zimepita saa 11.

Simnyang'anyi farasi wa mbio nafaka yake. Nasema nyasi zitangulie katika hesabu: angalau asilimia 1.5 ya uzito wake, yaani kilo 7.5 za malisho kwa huyo wa kilo 500, bila kuhesabu maji yaliyomo, kisha nafaka ijazie upungufu kwa milo midogo midogo. Nyasi mpya zichanganywe na za zamani kwa siku kadhaa, maana kuzibadilisha ghafla nako huleta msokoto. Maji yasikosekane. Na fungu kubwa liwekwe jioni, ndani ya wavu wenye matundu madogo, ili saa 8 usiku awe bado anatafuna.