Arbuni ya mgonjwa ni ya nani?

Jumapili jioni mabegi matatu yalikuwa yamepangwa mlangoni, na mwanangu wa miaka tisa amelala kwenye mkeka sebuleni akisema hata shuka inamuuma. Kipimajoto kilisoma 39.4. Safari yetu ya Lamu ilikuwa Jumatano alfajiri: watu sita, basi mpaka Mokowe, boti mpaka Shela, na nyumba ya ghorofa mbili tuliyoikodi kwa usiku tano, shilingi 16,000 kila usiku. Jumla 80,000, na nusu yake, ndiyo arbuni, nilikuwa nimeituma kwa M-Pesa tangu Juni. Jumatatu asubuhi daktari akasema ni kidingapopo, yaani homa ya dengi. Mchana wake nikampigia mwenye nyumba kumwambia hatuji tena. Alinipa pole, na ilikuwa pole ya kweli, kisha akanikumbusha kwamba arbuni hairudi.

Bima ya safari hatukuwa nayo, wala haikunipitia akilini kwa safari ya kwenda Lamu. Tangu Agosti nimelizungumza jambo hili na kila anayekaa nami barazani, na jibu huja upesi, ama "Huo ni uonevu, mtoto mgonjwa angekwenda vipi?" ama "Mkataba ni mkataba, ulikubali mwenyewe." Mimi nilianza upande wa kwanza kwa hasira, nikasogea upande wa pili kwa kusoma, na sasa nina msimamo ambao haumfurahishi sana yeyote, lakini naamini ndio wenye haki.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi huusikia kijuujuu. Kidingapopo huletwa na mbu wa aina ya Aedes, ambaye huuma mchana na huzaana kwenye maji safi yaliyotuama. Hapa Mombasa, ambako mfereji hutoa maji kwa zamu na kila nyumba ina mitungi na mapipa, mbu huyo hakosi pa kukaa. Mji huu umeshapata milipuko yake, ukiwamo ule wa 2013. Dawa ya kuua virusi vyake hakuna. Mgonjwa hupewa maji kwa wingi, mapumziko na parasetamoli, na daktari alitukataza kabisa aspirini na ibuprofeni kwa hofu ya kutoka damu. Akatuambia na jambo jingine ambalo sikulijua: siku za kuogopa si zile za homa kali, ni zile homa inapoanza kushuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Homa ya mwanangu ilianza Jumamosi. Jumatano, siku ya basi, ingekuwa siku ya tano.

Mwenye nyumba aliniambia kwa nia njema, "Mpaka Jumatano si homa itakuwa imeshuka? Njooni tu, upepo wa Shela utamponya." Nami nakiri kwamba mimi na mke wangu tulikaa jikoni nusu saa nzima tukizungumza kwenda. Kilichotuvuta ni zile 40,000. Tungempakia mtoto kwenye basi la kutwa nzima, tukamlaze mahali ambapo usiku wa manane njia ya kufika hospitali ni boti au kutembea ufuoni hadi mjini, kwa sababu ya pesa ambazo tayari zilikuwa zimekwisha kutoka mfukoni. Hili ndilo linalonisumbua zaidi katika sharti la "hairudi". Humwadhibu anayebaki nyumbani na humsukuma mgonjwa njiani. Kwa kidingapopo hatari ilikuwa hasa ya mwanangu. Kwa surua au macho mekundu ingekuwa ya basi zima.

Lakini nimemsikia na mtu wa upande wa pili, na yumo ndani ya ukoo wangu. Halati yangu, dada wa mama yangu, hukodisha vyumba viwili vya juu huko Kibokoni, Mji wa Kale. Nilipomweleza kisa changu nikitaraji anionee huruma, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, wewe waona arbuni yako. Mimi naona chumba kilicholala bure Desemba." Akanihadithia wageni waliochukua vyumba vyote viwili kwa wiki ya mwisho wa mwaka. Kwa ajili yao aliwakataa watu wa makundi mawili. Akalipa boza la maji, akanunua samaki, akampa msichana wa usafi mshahara wa wiki. Asubuhi ya siku yenyewe wakapiga simu: mtoto anaumwa. Arbuni hakuchukua, kwa haya. Siku mbili baadaye akaona picha zao wakiogelea Diani. "Ugonjwa wa simu hauna daktari," aliniambia, na tangu siku hiyo huchukua nusu na hairudishi.

Siwezi kumlaumu. Hoteli yenye vyumba 100 ikipata kughairiwa vitatu, hesabu ya mwezi hujisawazisha. Mwenye vyumba viwili hana pa kujisawazishia. Na chumba si kama kanga dukani, kwamba kisipotoka leo kitatoka kesho. Usiku wa Jumatano ukipita hakuna atakayeulala tena. Mtu anayesema mwenye nyumba "hakupoteza kitu" kwa kuwa nyumba bado imesimama hajawahi kungoja mgeni.

Nikageukia dini, nikidhani huko nitapata nguvu. Neno arbuni tumelipata kwa Waarabu, na pamoja na neno tukapata na mjadala wake. Wanazuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata Waislamu wengi wa pwani, hawakukubali muuzaji abaki na arbuni pale mnunuzi anaporudi nyuma, kwa hoja kwamba amekula mali ya mtu bila kumpa kitu. Imamu Ahmad bin Hanbal aliiruhusu. Mwaka 1993 baraza la kimataifa la fikihi, yaani la sheria za Kiislamu, lilipokutana Brunei, liliruhusu arbuni iliwe kwa sharti kwamba muda wa kungoja umewekewa mpaka, na likaeleza kuwa kukodi huchukua hukumu ya kuuza. Kufika hapo nilijiona nimeshinda, maana risiti yangu haikuwa na tarehe yoyote ya mwisho wa kughairi.

Ustadhi mmoja aliyenisomesha utotoni ndiye aliyenituliza. Shafii hao hao, alisema, ni wagumu kwenye ijara, yaani mkataba wa kukodi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alipotaja nyudhuru ambazo hazivunji ijara alitoa mfano wa mtu aliyekodi mnyama wa kusafiria kisha akaugua. Nilimwomba arudie, nikidhani ananichagulia mfano wa kunikomesha. Zaidi ya miaka 700 imepita, mnyama amekuwa nyumba ya Shela, na kisa ni kilekile: aliyekodi ameugua, alichokikodi kiko tayari, na mkataba umesimama. Wanazuoni wa Hanafi ndio wanaokubali ijara ivunjwe kwa udhuru wa aliyekodi. Ipo pia hadithi, katika Abu Daud na Ibn Majah, inayomwahidi msamaha wa Mwenyezi Mungu yule anayekubali kumvunjia mwenziwe biashara aliyoijutia. Hiyo ni fadhila ya kuombwa, si deni la kudaiwa.

Sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Sura ya 23, yaani Sheria ya Mikataba, hufuata kanuni tulizorithi kwa Waingereza, na kwa kanuni hizo ugonjwa wa mteja haufuti mkataba wa kukodi nyumba: nyumba ipo, funguo zipo, mwenye nyumba ametimiza yake. Ila kanuni hizo hizo humtaka aliyevunjiwa mkataba ajitahidi kupunguza hasara yake, asikae akiiangalia ikue. Na arbuni nayo hupimwa ukubwa. Kiasi kidogo cha kuonyesha kwamba mtu ana nia kinaweza kuliwa bila maswali. Nusu ya bei nzima inaanza kufanana na faini, na faini katika mkataba mahakama huitilia shaka. Juu ya hayo kuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachohusu haki za watumiaji, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mtu akitaka kujaribu, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili.

Na bima? Rafiki zangu wanaofanya kazi maofisini husema hapo ndipo nilipokosea, na wangesema kweli kama ningekuwa naipeleka familia India au Dubai. Bima ya safari iliyo kamili hulipa gharama za kughairi mtu akiugua yeye au jamaa yake wa karibu, mradi awe na cheti cha daktari, ugonjwa usiwe ule aliokuwa nao kabla ya kununua, na bima iwe imenunuliwa mapema, kabla dalili hazijaanza. Mara nyingi kuna kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hukibeba mwenyewe. Shida ni kwamba bima tunazozijua sisi si hizo. Wengi wetu tumekutana na bima ya safari pale tu ubalozi ulipoidai: viza ya Schengen haitoki bila bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, basi mtu hununua ya bei ya chini kabisa, akapata karatasi ya kuonyesha dirishani, na hasomi kama kughairi kumo. Aghalabu hakumo, au kumo kwa pesa ndogo. Ada za bima zote nchini hazifiki asilimia 3 ya pato la taifa. Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba kosa lake ni kutokata bima ya kwenda Lamu, unamlaumu kwa kutonunua kitu ambacho hakuna aliyekuja kumuuzia. Kadi ya SHA, bima ya afya ya serikali, kama tulivyo nayo, ni ya matibabu tu. Nyumba ya Shela haihusiani nayo.

Wapo pia wanaoikwepa bima kwa dini. Wao wanajua kuwa Majmaa ya Fikihi, ndilo baraza lile lile, huko Jeddah mwaka 1985 iliikataa bima ya kibiashara na kuikubali ile ya kushirikiana, na kwa hao takafuli, yaani bima ya Kiislamu ya kushirikiana, imepatikana Kenya tangu 2011. Mimi naona jambo liko kwenye kiasi. Pesa ambazo zikipotea zitavuruga karo na kodi ya nyumba, zikatiwe bima, iwe takafuli au nyingine. Elfu arobaini ziliniuma, na mwezi ule tulibana matumizi, lakini hazikutuangusha. Kwa safari ya kiasi hicho ni afadhali kibubu nyumbani na mkataba ulioandikwa vizuri.

Jambo ambalo husifiwa sana kama njia ya kati ni kubadilishiwa tarehe. Mwenye nyumba alinipa, bila kuombwa: "Njooni Septemba, njooni Oktoba, nyumba ni yenu." Nilimshukuru, kisha nikatazama kalenda ya shule. Watoto wangu wako huru Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Desemba bei yake ni nyingine. Alichonipa ni miezi ambayo nyumba yake hukaa tupu na watoto wangu wako darasani. Tarehe mpya inakuwa msaada pale tu familia inapoweza kuitumia, na hilo nadhani wenye nyumba wengi hawajaliangalia kwa jicho la mzazi.

Ningeishia hapo, nihesabu 40,000 kuwa zimekwenda, lau si nahodha. Yule aliyekuwa atuchukue Mokowe nilimtumia shilingi 1,000 za kumshika, na Alhamisi alinirudishia zote bila kuulizwa. Nilipompigia kumwambia azichukue, akasema hapana, nafasi yetu ilijaa. Aliwapeleka watu wa Nairobi, akawashusha kwenye nyumba ile ile. Waliingia Alhamisi, wakatoka siku ambayo nasi tungetoka. Usiku nne kati ya tano zetu.

Najua nahodha ana urahisi ambao mwenye nyumba hana. Abiria hupatikana gatini, na mafuta hayachomwi kabla ya safari. Hata hivyo kisa kilibadilika pale. Mpaka hapo nilikuwa nimekubali kwamba hasara ya ugonjwa wetu ni yetu, kwa sheria na kwa Imamu Nawawi. Lakini ili niibebe, lazima iwe hasara. Usiku mmoja ulilala bure, nao ni 16,000, na huo naulipa kwa moyo mweupe, pamoja na usumbufu wa kutafuta wageni wengine. Usiku nne zililipwa na watu wa Nairobi. Kilichobaki katika arbuni yangu, 24,000, hakizibi pengo lolote. Nilimweleza halati hesabu hii nikijua atanipinga. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele kwenye ungo, kisha akasema, "Kama alipata watu, hapo amekula mara mbili."

Wiki iliyopita nilimwandikia mwenye nyumba. Nilimtumia karatasi ya daktari, maana anayo haki ya kuthibitishiwa kwamba huu haukuwa ugonjwa wa simu, nikamwandikia hesabu ya usiku mmoja na ya usiku nne, na nikamdai 24,000, si 40,000. Halati nilimsomea ujumbe kabla sijautuma. Alitaka nifute neno "nadai" niweke "naomba." Nilimkatalia.