Serikali yetu nayo ilipie vijana wakajifunze lugha

Kila mwaka serikali ya Marekani hugharimia wanafunzi wake wa vyuo vikuu waende ng'ambo kujifunza lugha ambazo imeona taifa lao haliwezi kukosa watu wanaozijua. Mpango huo, Critical Language Scholarship, ulianza 2006 chini ya wizara yao ya mambo ya nje. Nauli, malazi, chakula na ada, yote ni juu ya serikali, kwa masomo ya wiki 8 hadi 10. Orodha ina Kiarabu, Kichina, Kirusi, Kiajemi, Kikorea na nyinginezo. Kiswahili pia kimo, na wanaokisomea wamekuwa wakipelekwa Arusha.

Habari hii hunipa fahari na uchungu kwa pamoja. Fahari, kwa sababu taifa kubwa limekiri kwa fedha zake kwamba lugha ya mama zetu ina kazi duniani. Uchungu, kwa sababu sisi Wakenya wenye bandari inayohudumia Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo hatuna orodha ya aina hiyo. Hatujaketi kama nchi tukaamua ni lugha zipi tukizikosa tunaumia, kisha tukatenga fedha vijana wetu wakazifuate ziliko.

Wenzetu walianza zamani. Muungano wa Kisovieti uliporusha setilaiti yake Sputnik mwaka 1957, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka uliofuata sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na lugha za kigeni zikapata fungu lake. Mwaka 1991 ikaja sheria iliyozaa ufadhili unaoitwa kwa jina la Seneta David Boren. Anayepewa fedha za Boren huahidi kwamba akihitimu ataitumikia serikali yake kwa angalau mwaka mmoja. Unaweza kuzipinga siasa zao, nami nazipinga nyingi, lakini katika hili wanajua wanachokinunua.

Sasa tuje Mombasa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mizigo ya Goma, Butembo na Bunia inapita bandari yetu ya Kilindini. Mfanyabiashara wa Goma mtaelewana kwa Kiswahili bila shida, lakini karatasi za serikali yake zimeandikwa kwa Kifaransa. Kijana wa klaring, yaani wa kutoa mizigo bandarini, anayezisoma mwenyewe ana faida kubwa kuliko anayesubiri kusomewa. Au chukua Kisomali. Mwaka 2010 ilifunguliwa mahakama maalumu pale gereza la Shimo la Tewa, na humo washukiwa wa uharamia kutoka Somalia walishtakiwa. Katiba yetu, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Haki hiyo haiwezi kutimia pasipo watu waliofundishwa ukalimani, na watu hao hawaoti wenyewe.

Lakini linaloniuma zaidi ni Kiarabu.

Kila mtaa huku, Kisauni, Likoni, Majengo, una familia yenye binti aliyekwenda Saudia, Qatar au Imarati kufanya kazi za ndani. Wengi huondoka na maneno machache ya Kiarabu waliyofundishwa haraka haraka. Mwajiri akimnyima mshahara, au akiugua usiku, binti hana lugha ya kujieleza kwa daktari wala kwa polisi. Akifanikiwa kufika ubalozini Riyadh, anahitaji Mkenya anayeweza kwenda naye kwenye ofisi za huko na kubishana kwa Kiarabu fasaha, na anayejua pia Kiswahili cha nyumbani kwao. Mtu huyo tunamtoa wapi?

Tunaye. Yuko chuoni, anasoma Kurani kwa ustaze. Mtoto wa Pwani aliyepitia chuo au madrasa anazijua herufi, matamshi yake yamenyooka, na nahau na sarufi ameanza kuzionja. Alichokosa ni kukaa mahali ambapo hata muuza mkate hamjibu ila kwa Kiarabu. Mpeleke Kairo mwaka mmoja, au Muscat, mji wenye Waomani wengi wazungumzao Kiswahili watakaompokea kama wa kwao, na atarudi ametimia. Kazi ngumu ya miaka mingi imeshafanywa na wazazi na maalimu, kwa ada ndogo na subira kubwa. Serikali ingelipia hatua ya mwisho tu.

Najua watakaosema kwamba vijana wetu tayari huenda Madina na Al-Azhar kwa ufadhili wa nchi hizo. Ni kweli, na Mungu awalipe wanaowafadhili. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kimekuwa kikipokea wanafunzi wa kigeni tangu kilipoanzishwa mwaka 1961. Lakini ufadhili ule una lengo lake, elimu ya dini, na anayelipa ndiye anayechagua nani aende na asome nini. Ni hivyo hivyo kwa Uchina, ambayo hulipia wageni wasome Kichina kwa sababu inaona faida yake. Siilaumu nchi yoyote kwa kutanguliza maslahi yake. Ninachouliza ni nani anayetanguliza yetu.

Wapo pia wanaosema simu sasa inatafsiri kila kitu. Wakamwambie hayo binti aliyenyang'anywa simu siku aliyotua.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi, sikatai. Vyuo vikuu vyetu vina madeni na wazazi wanahangaikia basari za karo ya sekondari. Ndiyo maana sipendekezi mamia ya vijana kwa mkupuo. Kundi dogo kila mwaka, Kiarabu, Kifaransa na Kisomali kwanza, lingetosha kuanzia. Fedha zitoke Serikali Kuu, kwa kuwa vyuo vikuu viko chini yake kikatiba, na mahojiano yafanyike huku huku Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na Garissa, kwa mdomo, mbele ya watu wanaozijua lugha hizo. Mtihani wa aina hiyo humfichua haraka mtoto wa mkubwa aliyeletwa na jina la baba yake.

Na masharti ya Boren tuyachukue, turefushe muda wake, tuyaongezee na wajibu wa upande wa pili. Kijana atie saini kwamba akirudi ataitumikia nchi miaka miwili mahakamani, bandarini au ubalozini. Serikali nayo itie saini kwamba nafasi hiyo ipo, ina mshahara, na inamsubiri kabla hajapanda ndege.